Mistari ya Biblia kwa anayeuguza: ipi inamtia moyo na ipi tunamuongezea nayo mzigo

Mtu akishauguza ndugu yake kwa muda mrefu hii meseji ataipata tu, na ataipata tena na tena: "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, wewe komaa." Anayetuma ana nia nzuri kabisa. Sasa anayepokea ndo kwanza amemaliza kubadilisha mashuka mara ya pili usiku huo huo, hajala, mgonjwa amegoma kumeza dawa, na akiisoma ile sentensi anabaki na swali ambalo hathubutu kumuuliza mtu: kama Mungu hanipi nisichoweza, mbona mimi siwezi? Basi kasoro itakuwa kwangu.

Mkanganyiko unaanzia hapo na sio mdogo, maana wengi wanaouguza nyumbani ni watu wa imani, mistari ndo kitu wanachoshikilia saa nane za usiku, kwa hiyo mstari ukitumika vibaya unaumiza pale pale ulipotakiwa kusaidia.

Kwanza tuelewane. Nikisema anayeuguza simaanishi nesi wala daktari, wale wana zamu na zamu ikiisha wanarudi kwao. Namaanisha mke ambaye mumewe amepata kiharusi na sasa ndo anamlisha na kumgeuza kitandani, mtoto mkubwa anayemtunza mzazi aliyeanza kusahau majina ya watu, mzazi mwenye mtoto mlemavu atakayehitaji kuogeshwa hata akiwa na miaka thelathini, mjukuu aliyeachiwa bibi. Mshahara hamna, likizo hamna, na mara nyingi hata jina la kazi yenyewe hamna, anaambiwa tu "yupo nyumbani". Na nikisema kumtia moyo simaanishi kumchekesha wala kumwambia avumilie. Namaanisha kumpa kitu kitakachomsaidia kuamka kesho aendelee bila yeye mwenyewe kuvunjika.

Mstari unafanana na dawa kwa jambo moja, una ugonjwa wake. Dawa ya kupaka ni dawa halali, imetoka famasi, lakini ukimnywesha mtu utamdhuru, na hapo huwezi kujitetea kwamba si ni dawa? Biblia nayo ni hivo hivo, kila sentensi iliandikwa kwa watu fulani waliokuwa na shida fulani, na ukiichomoa pale ukampelekea mtu mwenye shida nyingine kabisa usishangae akizidiwa.

Tuanze na huo mzigo "usioweza kuubeba". Ukitafuta Biblia nzima hiyo sentensi kama inavyosemwa huipati. Watu wanaitoa 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo anasema Mungu "hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo" na kwamba atafanya na mlango wa kutokea. Sasa rudi nyuma mistari michache usome anaongelea nini. Anaongelea Waisraeli jangwani, jinsi walivyoangukia kwenye sanamu na uasherati na manung'uniko, na mstari unaofuata, wa 14, anawaambia waikimbie ibada ya sanamu. Yaani ni habari ya vishawishi vya kutenda dhambi: ukishawishika kuna mlango, pita hapo ukimbie. Mwenye mama aliyelala kitandani miaka mitatu hajashawishika kufanya dhambi yoyote, amechoka tu, na mlango wa kukimbilia hana wala hautaki, maana akikimbia nani atampa mama uji?

Kuhusu kulemewa Paulo huyo huyo aliongea wazi, tena kwa kanisa lile lile la Korintho, katika barua ya pili. Sura ya 1 mstari wa 8 anasimulia dhiki iliyowapata Asia, kwamba "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi". Soma tena, mno kuliko nguvu zetu. Mtume Paulo alipewa mzigo asioweza kuubeba na akakiri kwa maandishi, alafu akaendelea kueleza kwamba hali ile iliwafundisha wasijitumainie nafsi zao bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu, na mstari wa 11 akawaomba Wakorintho wasaidiane nao kwa kuomba. Kwa hiyo kama ungependa kumtumia mtu aliyeelemewa mstari kutoka Korintho mtumie huu wa pili, utamwambia kwamba kuelemewa sio dalili ya kuwa Mkristo mbovu.

Mwingine unaochosha watu ni Wafilipi 4:13, "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu". Huu umeandikwa kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye vioo vya magari, na kwa anayeuguza unasikika kama amri, weza yote. Paulo aliuandika akiwa kifungoni, na mistari miwili ya juu yake anaeleza hayo "yote" ni yapi: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote. Hakusema anaweza kufanya kazi ya watu watano bila kulala. Na kinachonisikitisha ni kwamba karibu hamna anayemalizia mstari wa 14 uliopo hapo hapo chini: "Lakini, mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu." Yaani mtu aliyesema nayaweza yote, pumzi inayofuata anashukuru kwa kusaidiwa! Barua yenyewe kwa sehemu yake ni shukrani ya msaada aliotumiwa. Hapo kama nguvu za Kristo na msaada wa watu ni vitu viwili tofauti, mimi sioni Paulo akivitenganisha.

Na aliyepeleka huo msaada ndo mtu ambaye kila anayeuguza anatakiwa amjue, sijui kwanini hahubiriwi. Anaitwa Epafrodito, habari zake ziko Wafilipi 2:25 hadi 30. Kanisa la Filipi lilimtuma akamhudumie Paulo kifungoni, na wafungwa wa zamani zile walitegemea sana watu wa nje kwa chakula na mahitaji. Basi Epafrodito akiwa kwenye kazi hiyo akaugua mwenyewe, Paulo anasema alikuwa mgonjwa karibu na kufa. Alafu akawa na huzuni, na ukiangalia kilichomhuzunisha ni kwamba watu wa nyumbani wamesikia anaumwa. Nani aliyewahi kuuguza asiijue hiyo hali, unaumwa wewe lakini unahangaika wenzako wasijue?

Angalia Paulo alivyomfanyia. Angeweza kumwambia komaa ndugu yangu taji yako iko mbinguni, na bado alikuwa anamhitaji kweli kweli maana alikuwa hajatoka kifungoni. Ila akamrudisha kwao. Tena akaandika barua ya kumtetea kabla watu hawajaanza kusema kwamba huyu ametoroka kazi, akawaambia wampokee kwa furaha yote na wawaheshimu watu kama yeye, kwa sababu alikaribia kufa kwa ajili ya kazi ya Kristo. Mtumishi aliyechoka akaumwa anapokelewa kwa heshima, hiyo ipo kwenye Biblia yako.

Hapo tunagusa imani potofu nyingine, kwamba kuchoka ni upungufu wa maombi. Mtu akisema nimechoka anaambiwa funga siku tatu. Soma Hesabu 11. Musa amebeba watu wanaolia kila mmoja mlangoni kwa hema lake, na anamgeukia Mungu na maneno ambayo ukiyasema leo kanisani watakuitia kikao: anauliza kama yeye ndo aliyewatungisha mimba watu hawa wote hadi aambiwe awabebe kifuani kama mlezi na mtoto anyonyaye, anasema "siwezi kuwachukua watu hawa wote peke yangu", na anafika mahali pa kumwambia Mungu kama ndo hivi basi niue tu. Hayo ni maombi ya mtu aliyefika mwisho. Na majibu yake? Mungu hakumkemea kwa kukosa imani, alimwambia akusanye wazee sabini nao "watachukua mzigo wa watu hawa pamoja nawe, ili usiuchukue wewe mwenyewe peke yako". Dawa ya uchovu wa Musa ilikuwa watu. Mkwewe Yethro alishamwambia hivo hivo kabla, Kutoka 18, tena bila kuzunguka: jambo hilo ufanyalo si jema, utajidhoofisha wewe na hao watu pia. Hapo kuna kitu wengi hawakioni, Yethro anasema wanaohudumiwa nao wanaumia mhudumu akizidiwa. Ukianza kumfokea mgonjwa kwa sababu hujalala siku nne mgonjwa ndo analipa huo ushujaa wako.

Eliya naye, 1 Wafalme 19, amelala chini ya mti jangwani anaomba afe. Malaika alipokuja hakumpa somo lolote. Alimgusa akamwambia inuka ule, pana mkate na gudulia la maji, akala akalala tena, malaika akarudi mara ya pili akamwambia ale maana safari hii ni kubwa mno kwako. Yaani usingizi, chakula, usingizi, chakula, na mazungumzo mazito na Mungu yakafuata baadaye sana kule mlima Horebu. Kwa hiyo wewe uliyelala badala ya kufanya ibada ya usiku hujamkosea mtu, na Yesu mwenyewe wanafunzi wake walipokosa hata nafasi ya kula aliwaambia waende faragha wapumzike kidogo, iko Marko 6:31.

(Niseme hili kabla sijasahau. Kama mawazo ya kutaka kufa yanakurudia, au umeanza kuogopa kwamba unaweza kumdhuru mgonjwa, usibaki nayo kimya ukisubiri yaombewe yapite. Mwambie mtu leo, nenda hospitali, ueleze kama yalivyo. Musa na Eliya waliyasema kwa sauti na hakuna aliyewafukuza.)

Kuna hili lingine linaloumiza kuliko yote, "mgonjwa haponi kwa sababu imani yako ndogo", au "kuna dhambi kwenye hiyo familia". Wanafunzi walimuuliza Yesu kitu hicho hicho kuhusu kipofu, Yohana 9, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Akajibu huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Na kuhusu kutopona, Paulo alimsihi Bwana mara tatu ule mwiba wa mwilini umtoke, haukutoka, akaambiwa "neema yangu yakutosha". Mwenzake Trofimo, Paulo alimwacha mji wa Mileto akiwa hawezi, yaani mgonjwa. Timotheo mwenye maradhi ya mara kwa mara aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Isaya aliagiza jipu la mfalme Hezekia libandikwe andazi la tini, kwa hiyo maombi na tiba vimekaa pamoja tangu zamani na anayekwambia uchague kimoja hajaisoma vizuri. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa waje wamuombee na kumpaka mafuta. Wao ndo waje, sio wewe umbebe mgonjwa wa kiharusi umpeleke mkutano wa usiku kucha.

Wanaokuja kutazama mgonjwa nao wana mfano wao, marafiki wa Ayubu. Watu huwa wanawasema vibaya lakini walianza vizuri sana, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa mno. Shida ilianza walipofungua mdomo kueleza kwanini.

Sasa ipi ya kushika? Mimi nitasema mitatu tu, na sababu zake. Kwa anayemuuguza mtu aliyepoteza kumbukumbu, Isaya 49:15, pale Mungu anauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, na anajibu mwenyewe kwamba naam hawa waweza kusahau, "lakini mimi sitakusahau wewe". Mama yako akikuuliza wewe ni nani, huu mstari haukwambii kwamba haiumi, unakubali kabisa kwamba mama anaweza kusahau, alafu unakuonyesha Mungu aliyebaki akiwakumbuka, wewe na yeye pia. Wa pili ni Isaya 46:4, Mungu anawaambia watu wake kwamba hata wakiwa na mvi atawachukua. Huu msomee mgonjwa mzee anayeona aibu kubadilishwa pampasi na mwanae, maana aibu ya kubebwa ni maumivu ya kweli na huwa tunaongea habari za anayebeba peke yake. Wa tatu ni Zaburi 88 yote. Zaburi nyingi za huzuni zinamalizia na sifa, hii haimalizii hivo, inaishia gizani, na bado imewekwa kwenye kitabu cha nyimbo za ibada. Siku ambayo huna la kusifia soma hiyo, hujatoka nje ya imani.

Limebaki kubwa, "waheshimu baba yako na mama yako". Hii amri ya Kutoka 20:12 ndo inayotumika kumfunga mtu mmoja katika ukoo, mara nyingi binti, mara nyingi yule ambaye hajaolewa au hana kazi ya ofisini, anaambiwa utabarikiwa wewe huku wengine saba wakituma salamu. Amri haikuandikwa kwa mtoto mmoja. Paulo katika 1 Timotheo 5:4 anasema mjane akiwa na watoto au wajukuu, hao wajifunze kuyatenda yaipasayo dini nyumbani kwao na kuwalipa wazazi wao, na ni wengi, wajifunze. Mstari wa 8 ni mkali zaidi, asiyewatunza walio wake ameikana imani, na wengi wanamsomea yule anayeuguza akilalamika, wakati yeye ndo pekee asiyehusika nao! Wasomewe waliokaa mbali.

Na kwamba heshima ni pamoja na pesa Yesu alilisema mwenyewe, Marko 7, alipowashukia watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasimsaidie baba wala mama. Kwa hiyo ndugu anayetoa sadaka kubwa kanisani na hajachangia dawa za mzazi ana la kujibu. Na kwa anayetuma hela, hiyo hela isiwe kibali cha kutoonekana kabisa, mgonjwa anataka kuona watu.

Swali linalofuata huwa ni kama kumlipa mtu amtunze mzazi, au kumpeleka mahali wanapotunza wazee, ni dhambi. Watu wanajibu haraka haraka ndio. Mimi nawauliza, Msamaria mwema alifanya nini siku ya pili? Alifunga majeraha, akampandisha mnyama wake, akamtunza usiku ule katika nyumba ya wageni, kesho yake akatoa dinari mbili, ambazo kwa kipimo cha Mathayo 20:2 ni ujira wa kibarua wa siku mbili, akampa mwenye nyumba akisema mtunze huyu, na ukigharimika zaidi nitakulipa nikirudi. Alafu akaendelea na safari yake. Yesu akamtoa huyo ndo mfano wa jirani. Hakumtelekeza yule mtu, alilipa, akaahidi kurudi, akabaki anahusika na gharama. Yesu mwenyewe akiwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa yule mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake, Yohana 19:27.

Kwa hiyo familia ikikaa ikakubaliana nani analala na mzee siku gani, nani ananunua dawa, nani anampeleka kliniki, na kama pesa ipo wakaajiri mtu wa kusaidia mchana, hapo amri inatimizwa vizuri tu. Iandikwe kwenye karatasi na tarehe, maana makubaliano ya mdomo huwa yanamrudia yule yule aliye karibu. Na kama mzazi alikutesa ukiwa mdogo na huwezi kumuogesha kwa mikono yako bila kutetemeka, chukua upande wa dawa na kliniki na umuachie mwingine hiyo kazi ya kuogesha. Familia ikiuliza sababu si lazima uieleze mbele ya kikao.